Turbo ya Maduhu

Maduhu aliifuta turbo, kile kifaa cha kuipa injini ya gari nguvu, kwa kitambaa chenye petroli mara ya tatu, na mara ya tatu oili ikachungulia palepale kwenye shafti. Akatazama barabara ya Katoro. Mteja alisema angefika saa nne.

Turbo ile ilikuwa imekufa, tusidanganyane. Mwaka jana, duara lake, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilipotema mali, alilipeleka gari lake Mwanza likafungwa turbo kubwa na bomba jipya la moshi, likawa linanguruma hadi mbuzi wa jirani wanakata kamba. Vyuma vya zamani akavirundika stoo. Sasa duara limejaa maji, na wenzake watatu wa shimoni wamemwambia wazi kwamba zamu ya kuleta pampu ni yake. Kesho isipoonekana, ajihesabu ametoka. Miaka sita ya jasho ndani ya shimo lile! Kuuza gari lenyewe? Hilo hakutaka hata kulisikia.

Mkewe, Mbuke, alikuwa mlangoni akichambua mchele. Akamuuliza kama atamwambia mteja ukweli. Maduhu akajibu kwamba mteja ana macho yake.

"Za mwizi arobaini, Baba Loveness," Mbuke akasema, akaendelea na mchele.

Mteja akaja na pikipiki ya magurudumu matatu. Aliitwa Ignas, wa Kahama, mtu mpole wa maneno machache. Aliinua turbo, akazungusha shafti kwa kidole. Maduhu akaanza kuongea kama redio: haijaguswa na fundi, imetembea lami tupu, angekuwa na gari jingine wala asingeiuza. Ignas akaiweka chini, akashika plagi na injekta zilizokuwa zikiuzwa pamoja nayo. Ameshaona huyu, Maduhu akajiambia, anaondoka huyu.

Kweli, Ignas alisema bei imesimama mno, akaielekea pikipiki yake. Halafu akasita.

"Kaka, nimetoka mbali. Hata nyongeza huna?"

Maduhu akarusha macho huku na huku. Kwenye kona ya stoo kulikuwa na kipande cha bomba la moshi la zamani, kile chenye tumbo, kimeliwa na kutu na kinyesi cha kuku juu yake. Akakinyakua, akakipakia yeye mwenyewe kabla mgeni hajabadili mawazo.

Ignas akalipa bei yote, akaondoka. Maduhu alicheka hadi akakaa chini. Wajinga ndio waliwao, alimwambia mkewe. Mbuke hakucheka.

Saa saba alikuwa Katoro, pampu iko ndani ya buti, roho imetulia kwa mara ya kwanza wiki nzima. Ndipo Bi Tabu, mnunuzi wa vyuma chakavu, alipomwita. Juu ya mizani yake ilikaa turbo. Alisema mtu wa Kahama amemwachia hiyo pamoja na plagi na injekta, kwa bei ya kilo.

Maduhu akaigusa turbo ile. "Alijua imekufa?"

"Tangu alipoishika, ameniambia mwenyewe. Alichofuata kwako ni kile kibomba chenye tumbo. Masega ya ndani yake, yale ya kusafisha moshi, yana madini adimu, yanauzwa kwa gramu, Baba Loveness, kama dhahabu. Hicho ulichompa nyongeza kinanunua pampu tatu kama hiyo yako."