Buibui Wasio na Jina

Domina alimgeuza buibui chali kwa kibanio, akamtazama kwenye hadubini, kisha akasema, "Huyu hana jina."

Akamtia kwenye chupa ya wachanga pamoja na wenzake. Hakusikitika wala hakufurahi. Kazi hii ilimfaa kwa sababu moja tu: buibui hawamuulizi mtu hali yake.

Walikuwa buibui wa ardhini, wale wasiotega utando, wanaowinda kwa mbio usiku, na mchana hulala chini ya mawe. Bwana Nikolaus, mtaalamu kutoka chuo kikuu, aliwanasa kwa makopo ya maziwa aliyoyafukia usawa wa udongo pembezoni mwa mbuga ya Mikumi. Kuujua ukoo wao si kazi, hata kwa aliyeishia darasa la nane kama Domina. Nchani mwa tumbo wana mirija miwili ya kutolea uzi, imeachana kama mapipa mawili yaliyowekwa kandokando. Shughuli ni kujua ni aina gani ndani ya ukoo huo. Hapo hutazamwa viungo vya uzazi, navyo havionekani sawasawa mpaka buibui ajivue gamba mara ya mwisho.

"Asiyekomaa usimpe jina," Bwana Nikolaus alimwambia siku ya kwanza. "Ukimpa, unajidanganya."

Domina aliipokea kanuni hiyo kwa mikono miwili. Siku hizi mtaalamu mwenyewe akitaka kubahatisha, Domina humkatalia, naye hucheka akaacha.

Asubuhi hiyo Yeremia, mumewe, alifika kazini kwake kutoka kijijini kwao Masanze kwa lori la pamba. Bwana Nikolaus alimpa mkono. "Poleni sana, mzee," alisema kwa sauti ya chini, maana alishasikia habari za watoto wa Domina. Kisha akatoka kwenda kukagua makopo yake ili awaachie nafasi.

Yeremia alikaa juu ya kreti. Domina akampa maji. Alikunywa nusu, nusu akaiweka dirishani.

"Mama Elizabeti, nimekuja kwa lile jambo."

"Lipi?"

"Unalijua. Jina la mtoto."

Domina alichukua buibui mwingine.

Elizabeti alikuwa wa kwanza. Alipewa jina la bibi yake, akabatizwa, na surua ikamchukua. Wa pili, Filipo, alitangazwa jina kanisani Jumapili, na kabla ya Jumapili ya pili watu walikuwa makaburini tena. Yeremia, ambaye ni seremala, aliyachonga majina hayo kwenye misalaba kwa mkono wake. Kijiji kilipohamishiwa barabarani wakati wa Operesheni Vijiji, misalaba ilibaki kule mahameni, majani yakaota.

Wa tatu alipozaliwa, Domina alisema hataki kusikia jina. Katika ukoo wao mama aliyezika mara mbili huruhusiwa kunyamaza, kwa hiyo wazee hawakumlazimisha. Mama mkwe akimtaja mtoto husema "yule wetu", basi. Majirani hawamtaji kabisa mbele ya Domina, wanaogopa kumtonesha kidonda. Wangejua kwamba kidonda chenyewe hakiumi tena, wala hakuna kinachouma, labda wangeogopa zaidi.

"Kasisi ameuliza," Yeremia alisema. "Balozi wa nyumba kumi ameuliza. Kijiji kizima kimeshaandikwa, tumebaki sisi."

"Waandike 'mtoto wa Yeremia'. Inatosha."

"Haitoshi! Mimi naona aibu, mke wangu. Hata mbuzi wa jirani yetu Mwinshehe wana majina. Nikipiga magoti kumwombea huyu wangu, nimwite nani?"

"Mungu anamjua."

"Na mimi je?"

Machozi yalimtoka, mtu mzima, mbele ya chupa za spiriti. Domina aliyaona, akajua kwamba yeye naye alipaswa kulia. Alisubiri kidogo kama kilio kitakuja. Hakikuja, akarudisha jicho kwenye hadubini.

"Hajakomaa," alisema. "Asiyekomaa hapewi jina."

"Yule si buibui, Domina!"

Ilikuwa miaka mingi hajamwita kwa jina lake. Kibanio kilitulia mkononi.

"Wale wawili niliwapa majina, Baba Elizabeti," alisema taratibu. "Nimebaki na majina."

Huko nje dereva wa lori alikuwa akimwita mtu apande, gari linaondoka. Yeremia alijifuta uso kwa mkono wa shati, akainuka, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata. Alikuwa na huruma na mkewe, na alikuwa na hasira naye, na vyote viwili vilimchosha.

"Uliyonijibu mimi sitayarudia kwa mtu mwingine," alisema. "Nenda ukayaseme mwenyewe."

Akaufungua mlango.

Msichana wa miaka saba alikuwa amesimama kizingitini, gauni lake jipya la shule limejaa vumbi la pamba, meno mawili ya mbele hayapo. Alikunja goti.

"Shikamoo, mama," alisema. "Mwalimu anataka jina Jumatatu. Nikijipa mwenyewe, utakasirika?"