Kichwa cha Tatu

Siku hizi hakuna maiti anayezikwa kabla hajatolewa mafuta ya ubongo, ndiyo sheria. Mume wangu Shekue alipoanguka kutoka paani, mafuta yanayofunika mishipa yake ya fahamu yaliharibika, akatiwa ya marehemu asiyetajwa jina.

Alirudi nyumbani anatembea, anaongea. Majirani wakaja kunipa hongera. Hongera za nini, sijui.

Kila tukila samaki, yeye humega kichwa na kukiweka pembeni mwa sinia. "Hiki cha Tatu," husema, kwa upole ambao mimi sijawahi kuuonja.

Hatuna Tatu. Mimi ni Mwanamvua, nimemkumbusha mpaka nimechoka.

Jana nikiwa jikoni aliita, "Tatu! Njoo, samaki anapoa."

Nikaitika, "Abee," nikaenda kukila kile kichwa.