Kikombe cha Ukutani

Kaluki, msimamizi wa mjengo, alikuwa ameinua mkono kumwashiria dereva wa tingatinga, mama mmoja alipofika kwenye bomba.

Bomba hilo lilichomoza nje ya ukuta, upande wa barabara. Mzee mwenye kiwanda cha sufuria aliliweka kwa ajili ya wapita njia alipojenga nyumba hii katika mtaa wa kitajiri wa Spring Valley. Katikati ya jiji alijenga hospitali ya wazazi na maktaba, na zote zina jina la familia yake. Hapa hakuandika chochote. Sasa wajukuu wake walikuwa wameiuza nyumba, na ukuta ulitakiwa kuanguka asubuhi hiyo.

Mama alikuwa ametembea kutoka mtaa wa mabanda wa Kangemi, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alikunywa kwa kikombe cha bati kilichofungwa mnyororo, akakisuuza, akakijaza tena mpaka ukingoni, akakirudisha juu ya jiwe lililokuwa chini ya bomba.

"Umesahau maji yako," Kaluki akamwambia.

"Si yangu. Hiyo ni ya mwenye anakuja. Hata mimi nimeipata ikiwa imejaa." Akaenda zake kazini.

Ngurumo ya injini iliyatetemesha maji kikombeni.

"Madam, tuanze na hii ukuta?" dereva akauliza.

Kaluki alikitazama kikombe. Kisha akakichukua, akanywa maji yote. Yalikuwa baridi. Akataka kukirudisha kikiwa kitupu, mkono ukakataa.

"Zima kwanza," akamwambia dereva, akafungua bomba.