Bakuli la Kutemea

"Mama, tulia, hii ni kazi," binti alisema akizungusha glasi mbele ya sahani za samaki. "Changu anataka divai nyeupe, kali kama ndimu. Jodari ana nyama nzito, huyo hata nyekundu anaimudu."

Mama hakutulia. Kesho binti angejaribiwa hotelini kwa kazi ya kuhudumia divai, na chupa zote mezani zilishashuka nusu.

"Na unazinywa zote hizo?"

"Mama naye! Naonja, natema kwenye bakuli lile. Umeona mlevi gani anatema?"

Mama akacheka, roho ikatulia kidogo. Samaki walikuwa wamepoa, hawajaguswa. Akaona aoshe vyombo, mikono ipate shughuli.

Akalichukua lile bakuli la kutemea, akaliinamisha juu ya sinki. Halikutoka hata tone.

Akapitisha kidole ndani. Kidole kikarudi na vumbi.