Ukuta wa Mama Mkwe

Kombe alijitosa kwenye mihogo mara aliposikia kikohozi cha mama mkwe wake njiani. Aliangukia bega la kulia, lile lile bovu, akauma meno asipige yowe. Mkwe mwenye adabu hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe, sembuse kulia mbele yake.

"Siku hizi wagema mihogo, Kombe?" akauliza Mramba kutoka juu ya mnazi.

Na mnazi wenyewe ulikuwa wa Kombe, au karibu uwe wake. Mzee Kenga, mwenye shamba hapo Likoni, ndiye aliyempa minazi ile ageme tembo. Kisha, kukikaribia Krismasi, bega likagoma. Mkono ukipita usawa wa kifua maumivu yanamkata kama kotama yake, kile kisu cha kugemea, na usiku hakulaliki. Mnazi unaogemwa haungoji mgonjwa, kwa hiyo Mramba akapanda badala yake. Vita vya dunia vilikuwa vimekwisha, wanaume wamerudi na kiu, na Mramba alishaanza kusema "minazi yangu". Mzee Kenga akatoa neno la mwisho: Jumatatu ya Pasaka Kombe apande mwenyewe, la sivyo minazi ni ya Mramba moja kwa moja.

Ruwa, mganga wa mifupa, akaja na chupa ya mafuta ya nazi. Akasema bega limeteguka, lavutwa kwa nguvu hilo. Alikwisha kumshika Kombe mkono ilipotoka sauti nyuma ya ukuta.

"Mwache mkwe wangu. Halikuteguka hilo."

Alikuwa Mama Jumwa. Paa la nyumba yake ya Changamwe lilivuja, akaja kukaa na bintiye Nyamvula, mke wa Kombe, naye akapewa chumba cha pili. Vyumba vilitengwa na ukuta wa udongo ambao haukufika paani. Juu uliachwa wazi hewa ipite. Kombe alimjua mama huyu kwa kikohozi, na kwa kivuli kirefu kuliko chake. Zaidi ya hapo hakuthubutu kujua.

Ni kano, mama akaeleza kutoka kule kule. Kano zinazoshika bega zimechunika kwa kuinua mkono miaka na miaka, na kila ukiuinua, mfupa unazibana. "Kamba ikichakaa waivuta, Ruwa? Utabaki na nini mkononi?"

Ruwa akaifunga chupa yake, akaenda zake. Kombe akauliza mama ameyajulia wapi hayo.

"Changamwe. Kulikuwa na dresa wa hospitali akimtibu mtu."

"Akapona?"

"Mtu mwenyewe mkaidi kama wewe, mkwe. Tutaona."

Basi matibabu yakapitia ukutani. Kwanza kupumzika: asiinue, asibebe, asilalie upande ule. Asubuhi kitambaa cha maji moto. Kisha ainame, mkono uning'inie kama kibuyu mtini, auyumbishe polepole. Maumivu yalipopungua ndipo yakaja mazoezi ya kaa. Vidole vinatambaa ukutani, kimoja baada ya kingine, na mkono unavifuata. Mama hugonga upande wake, ko ko ko, na Kombe hupanda mpaka pale anaposikia mlio. Hapo husimama, akapumua, akashuka.

"Siku vidole vitakapouvuka ukuta," mama alisema, "ndiyo siku ya kurudi mnazini. Ukipanda kabla, tutaanza upya."

Kwaresima ikaingia na mlio bado uko usawa wa pua. Kombe alijiona anaweza zaidi. Akamwomba mama agonge juu kidogo.

"Bado hatujafika huko, mkwe."

Kombe akacheka kimoyomoyo. Ndivyo kina mama wanavyosema na mtoto mgonjwa: tumekunywa dawa, tumelala.

Siku moja mlio ukarudi chini, usawa wa shingo. Kombe akalalamika mpaka Nyamvula akatoka jikoni kumnyamazisha. Mama alitwanga mahindi jana kutwa, alisema, amechoka, amwache. Kisha akaingia chumba cha pili kumfunga mama yake kilemba, kama alivyomfunga kila asubuhi. Kombe aliona mkewe anamdekeza mno. Mwanamke mzima yule.

Jumamosi ya Pasaka Mramba akapita na vibuyu vimejaa. Akamwambia Kombe asijisumbue kesho kutwa. Aje tu akae kivulini, yeye atamteremshia kata moja ya bure, ya heshima.

Kombe aliingia ndani, akasimama mbele ya ukuta.

"Gonga, mama."

Ko ko ko. Usawa wa paji. Vidole vikafika. Ko ko. Juu zaidi. Vikafika. Kisha mlio ukawa wa taratibu, mmoja mmoja, unapanda mpaka chini ya boriti. Bega liliuma kidogo, kama mtu anayenung'unika huku anakwenda. Kombe akajinyoosha. Minazi yote ilikuwa pale juu, pamoja na kiu ya Likoni nzima na domo la Mramba. Vidole vikashika ukingo wa ukuta, vikauvuka.

Vikaangukia juu ya vidole vingine, vyembamba, vya moto, vikiwa vimeng'ang'ania ukingo ule ule kutoka upande wa pili.

Kombe akataka kuurudisha mkono, adabu inamsuta.

"Ngoja nipumue, mkwe," sauti ikasema huku inahema. "Hata mimi ndio kwanza nafika leo."