Kuvu Mbili za Kahawa

Véronique aliinua jicho kutoka kwenye mikroskopi, kisha akalirudisha. Jibu lake lingemfukuza mtu au lingembakiza.

Kahawa za pembeni ya Bunia zilikuwa zikinyauka, na lawama yote ilimwangukia mama mmoja aliyekimbia vita Djugu na miche ya kahawa mgongoni. Sasa alikaa kwenye benchi ya maabara. Kando yake alikaa muzee aliyempa pa kulima, ambaye shamba lake mwenyewe lilikuwa limekufa.

Ndani ya sahani za kioo, kuvu zote mbili, ya shamba la muzee na ya miche ya mama, zilikuwa na rangi ileile ya waridi iliyofifia. Lakini kwenye mikroskopi, mbegu za kuvu ya muzee zilikuwa fupi, zimepinda kama mundu. Zile zilizotoka kwenye miche ya mama zilikuwa ndefu na nyembamba, karibu zinyooke. Véronique alipima hamsini za kila upande. Hakupata hata moja ya upande huu iliyolingana na za upande ule.

"Muzee, kuvu yenye kuua kahawa yako haikutoka kwa huyu mama," alisema. "Yake ni ndugu tu. Iko naishi ku ngozi ya muti, haiuwe."

"Uko hakika?"

"Kuja mwenyewe uone."

Muzee aliinama, akatazama muda mrefu. Alipoinuka, alimgeukia mama.

"Mama, unisamehe," alisema. "Leo asubuhi, mbele ya kuja huku, niling'oa miche yako yote."