Kanali Moja

"Wi-Fi yangu njo ilitangulia hapa, tata! Geuza kanali yako!" Fidélie alimwambia jirani yake juu ya ukuta.

"Mi? Geuza yako, mama!"

Modemu zao zilitumia kanali moja, yaani chaneli ileile ya mawimbi, zikizibana kama spika za makanisa mawili. Tangu asubuhi mama yake Fidélie, mgonjwa huko Sandoa, alitaka kumwambia neno kwa video, na kila mara midomo yake iliganda katikati.

Mwishowe Fidélie alikubali kushindwa. Aliingia ndani, akageuza kanali yake mwenyewe. Haikuwa kazi ngumu.

Picha ikawa safi. Aliliona ua jekundu alilolidarizi mwenyewe kwenye mto wa mama yake, na mkono wa dada yake, taratibu, ukimfumba mama macho.